Elias Si Baba Yetu

Mzee Kasiani tumemzika Madale, kule juu kwa binti yake, kwenye kiwanja chenye mteremko mkali hata viti vya plastiki vikawa vinatutelezesha waombolezaji upande mmoja. Padri alisoma jina lake lote, majina matatu ambayo mimi niliyekaa naye nyumba moja sikuwahi kuyajua, kisha akaongeza, "maarufu kama Mzee Taipu." Watu wakaguna kwa mapenzi. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, si wakati wa jeneza. Ningekuwa na ubavu ningemnyanyukia padri nimwambie kwamba marehemu asingelikubali hilo "maarufu kama", angelitaka neno lake mwenyewe, alias, tena litamkwe Kilatini, a-li-as, silabi kwa silabi, bila kuvutwa Kizungu. Neno hilo ndilo lililotukutanisha mimi na yeye, na kwa mwaka mmoja lilinitesa kuliko njaa. Sasa Kasiani hayupo, na alikuwa shahidi wangu pekee. Hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kusema kwamba mwaka ule sikufanya kile ninachodhaniwa nimefanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikipanga chumba kimoja Tandika na mdogo wangu Shabani, wa miaka kumi na tisa. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko la wote, na mwenye nyumba alikuwa Bi Tausi, mwanamke wa Kizaramo mwenye mwili na sauti ya kuutosha mwili huo. Katika nyumba ile hakuna aliyeitwa kwa jina lililoandikwa kwenye cheti chake. Chumba cha kwanza alikaa Mama Nasra, ambaye Nasra mwenyewe hatukuwahi kumwona. Cha tatu alikaa Kibabu, na Kibabu alikuwa kijana. Bi Tausi mwenyewe, nilikuja kugundua baadaye sana, kwenye hati ya nyumba aliitwa Mwanahawa. Jina la baba mtu alilitunza kama nguo ya Idi, halitoki sandukuni mpaka pawe na ndoa au maziko. Wazee wa pwani walikuwa na maneno yao kwa majina haya ya mtaani, lakabu, au msimbo, na hakuna aliyeona kwamba yana hatia. Nimekaa makazini miaka mingi nikipiga chapa nyaraka za watu, na mpaka leo nikiona fomu inadai "majina matatu kamili" moyo unanipiga kidogo.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mashine. Alishona haraka kiasi kwamba mwenye kitambaa alikuwa akisubiri palepale kibarazani, anakunywa kahawa vikombe viwili, suruali tayari. Kwa jina hilo alikuwa akiringa kidogo, na mimi nilikuwa nikiringa zaidi yake. Nililolificha ni jingine. Shabani alikuwa na kifafa. Alimeza kidonge kila asubuhi na kila jioni, na akimeza hakuna mtu angejua. Akikosa siku mbili tatu, anaanguka. Vidonge nilivitunza mimi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, na hata Bi Tausi hakuambiwa. Kipindi kile mtu akijulikana ana kifafa hapewi sahani ya kula na wenzake, na nani angempa kitambaa cha harusi fundi wa kuangukaanguka. Kwa hiyo nyumba nzima ilijua jina lake la mtaani na haikujua ugonjwa wake, na mimi niliona nimepanga mambo vizuri.

Siku waliyomchukua ilikuwa Jumatatu, baada ya adhuhuri, nami nilikuwa uani nasugua sufuria. Vidonge vilikuwa vimekatika tangu Ijumaa, nikawa nimevipata asubuhi ile ile, lakini kilichokuwa njiani hakikuzuilika: saa sita aliangukia chumbani, nikamshika, nikamgeuza ubavu, ikapita. Baada ya hapo huwa hajitambui kwa muda. Anakaa, macho yako wazi, ukimsemesha anakutazama kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Nilimtoa kibarazani apate hewa, nikamkalisha nyuma ya cherehani yake ili wapita njia waone fundi yuko kazini. Wakaja wanaume wawili waliovaa kiraia. Duka la vitambaa la mjini lilikuwa limevunjwa kwa bunduki, majora yamebebwa, na wao walikuwa wanapita kwa mafundi mmoja baada ya mwingine. Kwenye cherehani ya Shabani palikuwa na kitambaa cha suti cha kijivu, kimeletwa na mteja. Wakamuuliza kimetoka wapi. Akawatazama. Wakamuuliza jina. Akawatazama.

"Huyu kavuta nini?" mmoja akaniuliza nilipotokeza na mikono yenye majivu.

"Hajavuta kitu, kaka. Amechoka tu."

"Anaitwa nani?"

"Shabani."

Hapa nasimama kila mara ninapoikumbuka siku ile. Ningesema Shabani Athumani, wa Athumani Pazi. Ningesema huyu mgonjwa, ana kifafa, ngojeni nusu saa atawajibu yote. Mimi nikatabasamu, nikataka wajue ni kijana anayefahamika, mtu wa kazi, siyo mzururaji, nikasema, "Hapa mtaani ukimtafuta kwa jina hilo humpati. Wote wanamjua kama Mashine."

Mwenye daftari akaacha kuandika. "Mashine gani? Ya kushonea au ya kulengea watu?" Mwenzake akacheka. Kisha akaandika, na la baba hakuuliza tena, maana alichokipata kilimtosha. Nilitoa jina lisilotakiwa, nikaficha ugonjwa uliotakiwa. Wakamnyanyua kwa mkono mmoja mmoja, akaenda nao taratibu, bila kubisha, na hilo nalo majirani walilisimulia baadaye kwamba ni dalili ya mtu aliyezoea.

Kituoni sikuruhusiwa kumwona. Alhamisi wakaniambia amepelekwa mahakamani na kutoka huko amepelekwa mahabusu, kosa ni unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna. Gereza lenyewe sitalitaja, halina kosa zaidi ya mengine. Jumapili, siku ya wageni, niliamka nikapika wali wa nazi na maharage, nikaweka kwenye hotipoti, na kopo la vidonge nikalifunga kwenye kanga kiunoni. Dirishani alikaa askari mnene mwenye daftari refu. Nikamwambia namtaka Shabani Athumani Pazi. Akateremsha kidole. Hayupo. Akakipandisha. Hayupo.

"Kuna Shabani mmoja kaingia wiki hii," akasema. "Shabani Elias. Wamemleta hapo nyuma ya mlango, waliposikia umetaja Shabani. Ndo huyo?"

Mimi nikacheka, Mungu anisamehe, kicheko cha mtu aliyechoka. "Siye huyo, afande. Sie Waislamu. Baba yetu Athumani, baba yetu Elias katokea wapi?"

"Sasa Shabani wa Kikristo mie nimjuaje? Si ndo maana nakuuliza."

"Siye," nikasema kwa sauti, maana nyuma yangu foleni ilikuwa inasukuma. "Huyo simjui."

Akageuka, akapigia kelele mlango wa bati, "Mrudisheni." Nikasikia miguu peku ikiburuzwa kwenye sakafu. Nikafikiri mtoto wa mwenzangu huyo, pengine mama Mwislamu na baba Mkristo wa bara, wapo wa namna hiyo, maskini hajapata mgeni. Nikatoka na hotipoti yangu imejaa. Wali nilikwenda kuumwaga kwa kuku wa Bi Tausi.

Kuanzia hapo nilizunguka wiki kumi na moja. Kituo cha kwanza walisema keshapelekwa, mahakamani walisema waulize magereza, magereza walisema hayupo. Nilikwenda gereza jingine, nikaenda hadi Ukonga kwa mtu niliyeambiwa ana shemeji yake askari, huyo shemeji akala nauli yangu na hakurudi. Hospitali nilikwenda mara nne, mara mbili wodini na mara mbili kule nyuma kwenye nyumba ya maiti, ambako mzee mmoja mpole aliniambia, "Taja alama za mwilini, mwanangu, majina huku hayasaidii." Nikataja kovu la kidevuni. Akaingia, akakaa, akatoka, akatikisa kichwa, na mimi nikafurahi kama mtu aliyezawadiwa, kisha njiani nikaona aibu, maana kwa kila siku niliyofurahi kwamba hakufa kulikuwa na vidonge viwili ambavyo hakuvimeza. Nilikuwa nikivihesabu jioni kitandani. Hesabu ilipopita mia nikaacha.

Chumba kilinishinda. Cherehani nilikuwa nimeiingiza ndani, imekaa kati ya kitanda na ukuta, na ili nifike dirishani ilibidi niiombe njia. Nilikula nilichopewa. Asubuhi uji, mchana muhogo, na siku nyingine Mama Nasra alinisukumia sahani ya dagaa chini ya pazia bila kuingia, na nilifahamu kwa nini haingii. Ukuta wa nyumba ile haukufika darini. Nililala nikiwasikiliza. "Anaitwa Mashine bure? Mtu haitwi tu," Mama Nasra alisema. Na Kibabu, aliyekuwa akishonewa suruali na Shabani kwa mkopo, alijibu, "Kwenye magazeti nyie hamsomi? Mtu mwema hana majina mawili." Yeye Kibabu, ambaye la kwake la kuzaliwa hata mimi silijui mpaka leo. Nilitaka kutoka nimng'oe ulimi. Sikutoka, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu, sehemu ndogo na ya kishenzi, ilianza kuuliza kama kweli kile kitambaa cha kijivu nilimwona mteja wake.

Kasiani alikaa chumba cha mwisho, kilichopakana na choo. Alikuwa mtu wa bara, Mkatoliki peke yake nyumba nzima, aliyesomea upadri akafukuzwa kabla ya kumaliza. Mwenyewe alisema ni kwa sababu ya ubishi, Bi Tausi alisema ni kwa sababu ya pombe, na nadhani wote walikuwa sahihi. Kutwa alikaa nje ya mahakama na taipureta yake juu ya meza ndogo, akiwaandikia watu barua na maombi. Walikuwa hawasemezani na Bi Tausi tangu siku alipoingia na kitimoto, nyama ya nguruwe iliyofungwa kwenye gazeti, akakipasha moto kwenye jiko la wote. Bi Tausi aliliosha jiko lile kwa mchanga mara saba na kulitangazia hadi mtaa wa pili. Mimi kama mpangaji mwenye adabu nilikuwa upande wa mwenye nyumba. Ndiyo maana wiki sita za kwanza sikumwendea mtu pekee katika nyumba ile aliyeijua mahakama. Mwenyewe alinisubiri nimwombe, alikuwa na kiburi chake. Nilipokwenda hatimaye, nikapiga magoti mlangoni nikamwamkia, alisema, "Marahaba. Nilidhani unakula mchanga wa Bi Tausi." Kisha akaniandikia barua nzuri kabisa, yenye "naomba kwa unyenyekevu" mara tatu, kuuliza alipo Shabani Athumani Pazi. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: mahabusu wa jina hilo hatunaye.

Siku niliyojua Shabani alipo ilikuwa Alhamisi, saa za alasiri, tumekaa uani. Bi Tausi na Kasiani walikuwa wamepatana nusu: hawasemezani, lakini kwa kuwa Bi Tausi hakujua kusoma na alipenda sana habari za mahakamani, Kasiani alikuwa akilisoma gazeti kwa sauti kubwa kana kwamba anajisomea, na Bi Tausi alikuwa akikaa karibu kana kwamba anachambua mchele. Alisoma kama mahakimu wanavyosoma, kwa Kizungu cha puani. "Walioshitakiwa ni Ramadhani eliasi Sindano, Joni eliasi Ngedere, na Hashimu eliasi Bonge."

Bi Tausi akatupa punje mbovu. "Huyo Elias naye," akasema, akiuambia mchele. "Watoto wote hao, hakupata hata mmoja wa kumsitiri?"

Kasiani akashusha gazeti. Alisahau kwamba hawasemezani. "Elias gani, bibi?"

"Si huyo unayemsoma kila siku. Ramadhani Elias, Joni Elias, Hashimu Elias. Dini zote kazaa. Mwanaume gani huyo, kajaza jela nzima nzima."

Mama Nasra alicheka hadi akashika ukuta. Kasiani alicheka, akapaliwa, akapigwa mgongo na Bi Tausi mwenyewe, na hapo ugomvi wa kitimoto ukaisha rasmi. Mimi sikucheka. Niliusikia mlango wa bati. Niliisikia miguu peku.

"Mzee," nikasema, "hilo neno linaandikwaje?"

Akaniandikia kwa kidole kwenye majivu ya jiko. Alias. Nikamwambia Jumapili ile dirishani waliniletea Shabani Elias nikamkataa. Kasiani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akasema polepole jinsi ilivyokuwa, na yote yalikuwa sahihi, kwa maana baadaye alilitafuta faili akaliona: askari aliandika Shabani alias Mashine, karani akasoma kwa sauti, mwenzake akaandika alichosikia, na kwa kuwa jina la baba halikuwepo, Elias akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Mashine ikafupishwa ikabaki herufi M. Mdogo wangu akaingia jela akiwa mtoto wa mtu ambaye hajapata kuzaliwa.

Nadhani aliendelea kuongea kwa sababu hakujua afanye nini na uso wangu. Alisema alias si jina wala cheo, ni Kilatini, maana yake "wakati mwingine", au "kwa namna nyingine", na mzizi wake ni alius, mwingine. Warumi walilitumia kwa mambo ya kawaida kabisa: leo nakula nyumbani, alias, siku nyingine, nakula kwa jirani. Makarani wa mahakama za Ulaya ndio waliolifunga pingu. Waliandika alias dictus, yaani "vinginevyo aitwaye", karne zikapita, mikono ikachoka, wakaliacha lile la pili, na neno la watu wote likawa neno la wezi. "Na sisi tunalo letu," akasema, "zuri kuliko lao. Pengine. Pengine ni mahali, pengine ni wakati, pengine ni huenda. Shabani, pengine Mashine. Na ndugu yake anaitwa alibi, tumbo moja na alias: mahali pengine, yaani kosa lilipotendeka mie sikuwepo. Mdogo wako alihitaji alibi, binti, wakampa alias."

Nilimwambia anyamaze. Mtu wa umri wa baba yangu, nilimwambia anyamaze mbele ya watu, na alinyamaza. Siku tatu kufika Jumapili nilizipitisha nimekaa sakafuni nimeegemea cherehani. Bi Tausi aliniletea chai mwenyewe, akakaa na mimi, na mara moja akasema, "Ungetuambia ana kifafa, mwanangu. Tungekunyima sahani? Labda tungekunyima. Lakini tungejua." Sijapata kusikia msamaha wa kweli kuliko huo.

Jumapili askari alikuwa yuleyule mnene. Nikasema namtaka Shabani Elias.

"Wewe nani wake?"

"Dada yake. Wa damu."

"Jina lako?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote, Kilatini na karani na kiti cha baba. Foleni ilikuwa ndefu. Ningemweleza angenituma kwa mkubwa wake, mkubwa angetaka barua, na saa za wageni zingepita. Nikasema, "Zainabu Elias." Baba yangu alikuwa kaburini wakati ule, na nilimwomba radhi palepale. Askari akaliandika vizuri, kwa hati ya mkono safi kuliko alivyoandika chochote, na mlango wa bati ukafunguliwa.

Alikuwa amekonda hadi masikio yalionekana makubwa. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kiwikoni. Wiki ya tano alikuwa kwenye foleni ya uji wa asubuhi, akaanguka, na mkono ukaingia kwenye pipa. Walimtoa haraka, lakini uji ni mzito, unashika. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, na kilivyokuwa kinafunga kilikuwa kinavuta vidole vitatu kuelekea kiganjani. Nilipenyeza kopo kwenye nyavu, askari akalichungulia, akalipitisha. Shabani akalipokea kwa mkono wa kushoto. Akameza kidonge kimoja bila maji, mbele yangu, kisha ndipo akanitazama.

"Leo umekubali," akasema.

"Sikujua. Wallahi Shabani, sikujua. Walisema Elias."

"Mie nilikuwepo hapo nyuma. Kuna tundu kwenye bati." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Alisema kama mtu anayemliwaza mwenzake. "Usilie bana. Nilielewa. Nilijua umeona aibu, na kesi yenyewe ya bunduki. Ningekuwa wewe na mie labda ningesema hivyohivyo."

Nikaanza kumweleza, haraka, neno juu ya neno, alias, karani, Bi Tausi na mchele wake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo. Nani atunge uongo wa namna ile isipokuwa mtu mwenye miezi mitatu ya kuutunga? Alitikisa kichwa kwa upole, ndiyo dada, ndiyo, sawa. Saa ikaisha. Ndani wakaita, "Elias," na aliitikia kabla sijamaliza sentensi.

Alitoka miezi mitano baadaye. Mwenye kitambaa cha kijivu alipatikana, alikuwa mwalimu wa shule na risiti alikuwa nayo, na upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea. Walimwachia kizimbani kwa jina la Shabani Elias, na Kasiani aliniambia nisilisahihishe hadi tuwe nje ya geti. Nyumbani Shabani alikaa mbele ya cherehani yake siku ya kwanza, akajaribu kuongoza kitambaa kwa vidole viwili vilivyobaki, mshono ukaenda upande. Alijaribu kwa kushoto. Siku ya tatu aliifunika kwa shuka, na mwisho wa mwezi ilinunuliwa na fundi wa Manzese. Siku hizi anauza nyuzi na vifungo hukohuko Manzese, ana wake na wajukuu, Idi zote anakuja kwangu na anaita watoto wangu watoto wake. Sijawahi kukosewa heshima na Shabani. Kwa miaka yote hiyo sijapata hata neno moja kali, ningelipata ningelishukuru.

Kabla mwaka ule haujaisha nilimwomba Kasiani aongee naye. Nilisema mie haniamini, wewe ni mtu wa mahakama, umeliona faili kwa macho yako. Akaja uani amevaa koti, amebeba nakala ya hati ya mashtaka na karatasi aliyopiga chapa neno lile peke yake katikati, kwa herufi kubwa. Bi Tausi akatengeneza chai na mihogo ya kukaanga. Kasiani alieleza vizuri kuliko siku ile, taratibu, tangu Warumi hadi karani wa jijini, akaonyesha kwa kalamu pale askari alipoandika alias na pale mkono mwingine ulipoandika Elias. Shabani alishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akaisoma yote, akairudia. Aliuliza maswali mawili ya maana, akajibiwa. Mimi nilikuwa nimeshika birika na sikuthubutu kumimina.

Akaikunja karatasi, akamrudishia kwa adabu.

"Neno nimelielewa, mzee wangu," akasema. "Ila ile sauti iliyosema hainijui ilikuwa ya dada."